Kibanda cha Mawindo Huanzia Pale Gari Linapokwama

Ndugu zangu, habari za jioni. Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga na kukadiria gharama za kibanda cha mawindo huko porini. Najua wengi mmekuja na ramani mifukoni. Mmeshachora mlango, mmeshachora dirisha la kutazamia machweo, na kuna bwana mmoja nimemkuta hapo nje, baraza lake ni kubwa kuliko chumba. Sina ugomvi na baraza. Ila ramani hizo zikunjeni kidogo, kwa sababu swali langu la kwanza halimo humo: gari lako linaishia wapi?

Kibanda changu cha kwanza nilikikadiria kwa makini. Mbao, mabati, misumari, saruji, ujira wa fundi, hadi bawaba na komeo, vyote viko daftarini. Nilichosahau ni mita 800 za mwisho. Lori lilifika ukingoni mwa korongo, dereva akashuka, akatazama kule chini, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, mimi nimefika." Akapakua, akageuza, akaondoka. Tulibeba mgongoni wiki nzima kabla msumari wa kwanza haujagongwa, na wabebaji wanalipwa, wanakula, wanaugua migongo. Fedha zilikatika kabla hatujapaua. Msimu ule nililala chini ya turubai nikizitazama kuta zangu. (Kicheko.) Chekeni tu, sasa hata mimi nacheka.

Tupige hesabu pamoja. Chukua kibanda cha mita 4 kwa 6, kinachotosha watu wanne na mizigo yao. Kikae juu ya nguzo 9, na kila nguzo iwe na kitako cha zege cha sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 60. Ukijumlisha vitako vyote unapata karibu nusu mita ya ujazo. Kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hiyo ni mifuko mitatu na kidogo ya kilo 50. Tununue minne. Daftarini, mifuko minne ni kitu gani? Si kitu.

Lakini mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Nusu yake ni kilo 1,200, tukihesabu saruji, mchanga, kokoto na maji. Mtu akibeba kilo 25 kwa mkupuo, hiyo ni mikupuo 48. Mita 800 kwenda na 800 kurudi, mara 48, ni karibu kilomita 77. Hizo ni za vitako peke yake, na bado hujaleta ubao hata mmoja. Ndiyo maana nasema bei ya dukani ni nusu ya habari. Kwenye daftari lenu ongezeni safu mbili pembeni ya bei: uzito, na mikupuo. Ukishaziona hizo, wewe mwenyewe utaanza kufuta vitu bila kushauriwa na mtu. Utauliza kama mchanga na mawe vinapatikana palepale, na kama una ruhusa ya kuvichukua. Utauliza kama nguzo za mti mgumu zilizotiwa dawa haziwezi kushindiliwa ardhini bila zege. Au utagundua kwamba uwanja ule usioupenda, ulio mita 150 tu kutoka barabarani, una uzuri ambao hukuuona.

Hapo kwenye uwanja nitakaa kidogo, maana mwindaji ana ugonjwa wake: anataka kulala katikati ya wanyama. Akiona mapito na nyayo za jana, anasema hapahapa. Sasa moshi wako, harufu ya vitunguu vyako, vicheko vyenu vya usiku, vyote vinakwenda na upepo. Baada ya muda umejenga kibanda kizuri mahali ambapo zamani palikuwa na wanyama. Kaa mbali na mapito yao na mahali wanapokunywa maji, jua upepo wa msimu wa mawindo unatoka wapi, asubuhi utembee kuwafuata. Usijenge bondeni kwa kufuata maji, kwani siku moja maji yatakufuata wewe. Nendeni mkauone uwanja wakati wa mvua, maana kiangazi kila ardhi ina tabia njema.

La sheria nitalipitia haraka, si kwa sababu ni dogo, ila kila nchi ina yake. Leseni ya kuwinda haikupi haki ya kujenga. Kibali cha ujenzi kipate kwa maandishi. Na kama ardhi ni ya kukodi, kumbukeni kwamba sheria za nchi nyingi zinafuata kanuni ya kale ya Kirumi: kilichojengwa juu ya ardhi huifuata ardhi. Mkataba ukiisha, kibanda ni cha mwenye shamba, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Kwenye ardhi ya kukodi mimi ningejenga kidogo, juu ya magogo mawili mazito, kitu kinachoweza kuburuzwa kikaondoka.

Turudi kwenye fedha. Ukubwa ndio unaowatia watu hasara wakicheka. Mtu anasema, hebu tuongeze mita moja kila upande. Mita 4 kwa 6 ni mita za mraba 24. Mita 5 kwa 7 ni 35. Sakafu imepanda kwa karibu nusu, na paa limepanda nayo, na mikupuo pia.

Fedha zikiwa chache, ziwekeni penye vitu visivyorudiwa: msingi na paa. Kitanda utatengeneza mwakani, taa za jua mwaka unaofuata, bitana ya ndani ukipenda usiweke kabisa. Lakini bati jembamba lililotobolewa na tawi utalilipia mara mbili, na mara ya pili kuna mita 800 zinakungoja. Kwenye mabati namba ya geji inadanganya wageni: kubwa ndiyo nyembamba, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko 30. Paa literemke nje ya kuta, liwekewe mfereji na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa linalofunika mita za mraba 30, mvua ya milimita 10, ni lita 300. Hata ukitoa zinazopotea, hizo ni lita ambazo hukuzipandisha korongoni.

Mbao mbichi zitawashawishi kwa bei. Kipimo cha mafundi wa zamani ni kuzianika mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukizigongelea mbichi zitanyauka, zitajikunja, zitaacha nyufa, na panya watakushukuru. Panya mdogo anapita kwenye tundu la unene wa penseli. Nimeshapoteza godoro kwa tundu la namna hiyo.

Akiba ya dharura mjini watu wanaweka asilimia 10. Porini mimi naweka 20, na siigusi mpaka paa lifungwe. Wanaonizoea wanasema ni woga. Hebu fikirieni siku mafundi watatu wamekaa kwenye gogo, wamelipwa kwa siku, wanangoja misumari ya bati iliyosahaulika. Pakiti ile ya misumari ni ghali kuliko dirisha. Kwa hiyo kabla ya kupakia, panga vifaa vyote chini kwa mpangilio wa kazi: vya msingi, vya sakafu, vya kuta, vya paa, kisha mtu mwingine, si wewe, asome orodha kwa sauti huku wewe unagusa kimoja kimoja. Na wekeni kamba ya kupimia. Kwenye mita 4 kwa 6, mshazari kutoka pembe hadi pembe uwe mita 7.21 pande zote mbili. Kibanda kikiwa kimepinda tangu chini, mabati hayatakaa sawa juu, na fundi atakwambia bati ndilo baya.

Naona mkono. Ndiyo, kijana wangu. Anauliza kama ni lazima aanze kujenga mwaka huu, fedha anazo. Usianze. Wavuvi wana neno lao, dago, ile kambi ya muda wanayopiga ufukweni wakifuata samaki. Piga dago msimu mmoja palepale unapotaka kujenga, kwa hema. Andika upepo umetoka wapi, maji umechota wapi, gari limekwama wapi. Gharama yake ni hema tu, ambalo baadaye litawasitiri mafundi.

Na mama pale? Jiko la kuni ndani. Liweke, lakini dohani ipite juu ya paa, mbao zisiguse bomba, na pawe na tundu la hewa lisilozibwa hata usiku wa baridi. Jiko la mkaa lisilo na dohani msilale nalo kabisa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki kulalamika.

Haya, bwana wa baraza, nilijua utasimama. Lijenge. Ila lihamishie upande wa njia inayotoka kwenye gari, lipe ngazi pana, upunguze chumba kidogo kulifidia. Mzigo ukifika na mvua imeanza, hapo ndipo utakapotuliwa, na wabebaji wako watakuwa na mahali pa kukaa.