Kozi ya Pili

Ndugu walimu, ndugu wazazi, nitazungumzia karakana za shule za sekondari za vijijini huko Marekani, na hasa kile kinachotokea mwanafunzi akishamaliza kozi ya kwanza.

Sheria ya Smith-Hughes ya 1917, iliyoanza kupeleka fedha za serikali ya shirikisho kwenye ufundi wa sekondari, ilikuwa na sharti ninalolipenda: anayesomea kilimo afanye kazi ya shamba chini ya usimamizi kwa angalau miezi 6 kila mwaka. Miezi 6! Walijua mkono hauzoei kazi kwa siku mbili.

Sheria ya Perkins, ambayo ndiyo inayopeleka fedha za shirikisho kwenye elimu ya ufundi siku hizi, kama ilivyorekebishwa 2018, nayo inamhesabu mwanafunzi kuwa amejikita katika fani akimaliza angalau kozi 2 za programu moja. Huko Arkansas, mtafiti Shaun Dougherty alionyesha mwaka 2016 kwamba waliofuata fani moja kwa kozi kadhaa waliwazidi wenzao wa hali sawa kwa pointi 21 za asilimia katika uwezekano wa kuhitimu.

Mtazameni kijana anayejifunza kuchomelea vyuma. Mwanzoni mshono wake umejaa matundu na mabonge. Akienda polepole mno, bati linatoboka. Kwenye kozi ya pili sikio lake linaanza kuutambua moto uliotulia, unaolia kama mafuta kikaangoni. Hapo hesabu ya pembe anaiulizia mwenyewe.

Sasa, shule nyingi ndogo zina mwalimu mmoja tu wa karakana. Akifuata mshahara mnono kiwandani, kufuli linaning'inia mlangoni, na watoto waliokwisha kuanza wanapelekwa darasa lolote lenye nafasi. Hilo linaniuma kuliko uhaba wa mashine.

Fedha zipo, ingawa si nyingi. Wilaya ya shule ambayo mgao wake wa Perkins haufiki dola 15,000 hutakiwa kuungana na nyingine, japo jimbo laweza kulegeza sharti hilo kwa vijiji vyenye watu wachache. Jimbo pia laweza kutenga hadi asilimia 15 ya fedha za wilaya kwa maeneo kama hayo. Mimi nisingekimbilia ule msamaha, wala nisingenunua mashine nyingine. Ningeziunganisha wilaya tatu kwenye karakana moja iliyo katikati, niweke basi la asubuhi, na niajiri walimu wawili wa fani ile ile, ili mmoja akiondoka, mwenzake abaki na funguo.