Usiniulize Inafika Psi Ngapi: Kuchagua Kompresa ya Kufunga Kwenye Gari la Porini

Ukienda kununua kompresa, swali la kwanza huwa lile lile: "Hii inafika psi ngapi?" (Psi ni kipimo cha presha ya upepo.) Boksi limeandikwa 150 kwa herufi nyekundu, na mnunuzi anaondoka ameridhika. Jamani, nani anajaza tairi la gari psi 150? Akijaribu, tutakutana msibani kwake.

Tairi lako mchangani umelishusha hadi 18. Ukirudi barabarani unataka 36. Kazi yote ya kompresa iko hapo katikati, na hata pampu ya baiskeli inafika 36 bila shida. Kitakachokuchosha ni kusubiri. Kwa hiyo uliza mambo mawili: ikisukuma upepo dhidi ya psi 30, inatoa lita ngapi kwa dakika? Na itaendelea kwa dakika ngapi kabla joto halijaizima?

Tupige hesabu, maana bila hesabu tunabishana bure. Tairi la saizi ya 265/70R17 lina nafasi ya ndani ya lita 70 hivi. Kila ukiongeza psi 14.7, yaani presha ya hewa inayotuzunguka, umeingiza ujazo mwingine mzima wa hewa ya kawaida. Kutoka 18 hadi 36 ni psi 18. Gawanya kwa 14.7, zidisha kwa 70, unapata lita 86. Matairi manne yanakula lita 340 na kidogo. Kompresa inayotoa lita 30 kwa dakika itakuweka juani zaidi ya dakika 11. Ya lita 60 inamaliza chini ya dakika 6, na ya pistoni mbili inayotoa lita 130 haifiki dakika 3. Hapo sijahesabu muda wa kuzunguka gari na mpira wa upepo mkononi.

Sasa angalia ujanja wa boksi. Ile namba kubwa ya lita, au ya futi za ujazo kwa dakika (futi moja ni lita 28.3), mara nyingi imepimwa mdomo wa kompresa ukiwa wazi, hausukumi chochote. Ukiunganisha tairi, namba inashuka. Inashuka kwa sababu pistoni ikifika juu haiimalizi hewa yote. Kiasi kinachobaki kwenye kichwa cha silinda kimebanwa, na pistoni ikirudi chini kinatanuka kwanza na kuzuia hewa mpya isiingie. Presha ikipanda, kinachobaki kinazidi. Mota nayo inapunguza mwendo kwa mzigo, na ringi inavujisha. Kwa hiyo dai jedwali: lita ngapi kwa psi 0, ngapi kwa 30, ngapi kwa 100, na ampea ngapi kwa kila hatua. Muuzaji asiyekuwa nalo, muage kwa heshima.

Halafu kuna ile asilimia ya muda wa kazi. Asilimia 33 kwa psi 100 maana yake ni kama dakika 10 kazi, dakika 20 kupumzika. Kompresa ndogo ya aina hiyo haina mafuta ndani. Ringi yake ya pistoni inateleza kavu, na joto ndilo linaloila. Ikijizima kwenye tairi la tatu haijaharibika, inajiokoa. Lakini wewe umesimama na gari lenye matairi mawili magumu na mawili laini. Uliza pia kipimo kilichukuliwa kwenye joto gani, kwa sababu chini ya boneti hakuna ubaridi wa chumba.

Najua kuna mkono unataka kuinuka: "Mimi nitafunga tanki, upepo utakuwa unanisubiri." Haya, tanki. Tanki la lita 8 likishuka kutoka psi 120 hadi 40 linatoa lita 43. Nusu ya tairi moja! Matatu na nusu yaliyobaki yanasubiri kompresa ile ile. Tena ili kulijaza tanki hadi 120 umeilazimisha ifanye kazi kwenye presha ambayo inatoa hewa pungufu na kupata joto zaidi. Tanki lina kazi zake: kurudisha ukingo wa tairi uliotoka kwenye rimu, kufungua nati chache kwa spana ya hewa, na kuipunguzia kompresa kuwaka na kuzima ukiwa na loki za difu za hewa (zinazolazimisha magurudumu ya ekseli moja kuzunguka pamoja). Ukilifunga, weka valvu ya kuzuia upepo usirudi kwenye kompresa, valvu ya usalama, na koki ya kumwaga maji sehemu ya chini kabisa. Kwa kujaza matairi tu, pesa ya tanki iongeze kwenye kompresa kubwa.

Umeme, haraka haraka. Kompresa ya pistoni mbili inaweza kuvuta ampea 50 au zaidi. Tundu la kuwashia sigara sahau. Waya wa milimita 6 za mraba, mita 4 kwenda na 4 kurudi, unapoteza volti 1.2 kwa ampea 50. Wa 16 unapoteza chini ya nusu volti. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na kompresa, kwa sababu kinachoungua ni waya uliopo katikati. Washa kupitia relei (swichi inayoruhusu umeme mdogo kuwasha mkubwa), injini ikiunguruma.

Pa kufunga: mbali na ekzosi, na mdomo wa filta uvutwe juu kwa mpira hadi mahali pakavu. Kipande cha kwanza cha bomba la kutolea kiwe mpira uliosukwa kwa waya wa chuma, kwani hewa inatoka ya moto kiasi cha kulainisha bomba la plastiki.

Kompresa zinazozungushwa na mkanda wa injini, ambazo kwa kawaida ni za kiyoyozi zilizogeuzwa kazi, nilitaka kuzisema kwa urefu. Ya kampuni ya York, ya zamani, ina bakuli lake la mafuta, na ile kubwa inameza sentimita za ujazo 169 hivi kwa kila mzunguko. Fanya hesabu kwa mizunguko 1,500 kwa dakika uone inavyoziacha za umeme. Ya kampuni ya Sanden inategemea mafuta yanayosafiri na gesi, kwa hiyo ukiitumia kwa hewa lazima uilishe mafuta na kuyachuja mbele. Zote zinataka swichi ya presha ya kuachia klachi ya kompresa, la sivyo injini itaendelea kusukuma tu. Na magari mapya mengi hayana nafasi ya kuzifunga.

Ukimaliza kufunga, acha kompresa ijaze mabomba hadi ijizime, zima injini, paka povu la sabuni kila kiungo, subiri robo saa. Sindano ya geji ya presha ikishuka, anza kukagua kwenye valvu ya kuzuia.