Ramani isitoke kabla ya hela: ofisi ndogo ya usanifu Kigoma

MWAJUMA: Karibuni tena, tuko Kigoma. Leo ni zamu ya wasanifu majengo wenye ofisi ya watu wawili, watatu. Kaka Yusufu, tuanze na bei.

YUSUFU: Tuanze hapo hapo, dada. Mteja anauliza ramani ya vyumba vinne ni shilingi ngapi, msanifu anataja bei ya jirani. Bei inatoka kwenye saa za kazi. Tuchukue mfano: mishahara, pango, umeme, intaneti, karatasi na mafuta ya pikipiki, jumla 4,800,000 kwa mwezi. Watu watatu, mwenye ofisi na wachoraji wawili.

MWAJUMA: Saa 160 kila mmoja, kwa hiyo 480.

YUSUFU: Hapo ndipo hesabu inapopotea. Mwenye ofisi nusu ya mwezi yuko halmashauri, yuko saiti, yuko kwa wateja. Mhesabie saa 80 za kuchora. Wachoraji 120 kila mmoja. Jumla 320. Gawanya, unapata 15,000 kwa saa. Weka faida ya asilimia 20, inakuwa 18,000. Nyumba inayokula saa 180 mpaka michoro ya kibali cha ujenzi ni 3,240,000. Ukiikubali kwa 1,500,000, umelipwa saa 83. Zile 97 zilizobaki unamchorea bure.

MWAJUMA: Na hiyo hela iingie lini?

YUSUFU: Asilimia 30 siku ya kusaini mkataba, yaani 972,000. Asilimia 40 mteja akishasaini mchoro wa awali, 1,296,000. Asilimia 30 ya mwisho kabla seti ya michoro yenye muhuri haijatoka mlangoni. Mchoro wa awali uende kama PDF, na katikati ya kila ukurasa iandikwe SI YA UJENZI. Bila hayo maneno, fundi anauprinti na kuanza kuchimba msingi, na deni lako halilipwi tena.

MWAJUMA: Mabadiliko je? "Nisogezee tu choo."

YUSUFU: Hilo neno "tu" ni ghali mno! Choo kikihama upande wa pili wa nyumba, bomba la majitaka linahama, chemba inahama, dirisha linahama, na mchoro wa sura ya nje ya nyumba unachorwa upya. Mkataba useme marekebisho mawili yamo ndani ya bei, la tatu ni kwa saa, na lisianze mpaka mteja asaini karatasi yenye idadi ya saa.

MWAJUMA: Mimi naongeza vipimo vya kiwanja. Mji wetu unateremkia ziwani. Ukichora kana kwamba kiwanja ni tambarare, fundi akichimba anakuta upande mmoja uko chini mita mbili. Unahitajika ukuta wa kuzuia udongo ambao haumo kwenye bajeti, na lawama zinakuja kwako. Mpima ardhi apite kwanza, alipwe na mteja mwenyewe, nje ya ada yako. Kiwanja kikiwa karibu na maji, pima na umbali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukilijua hilo baada ya saa 100 za kuchora, umechelewa.

YUSUFU: Mteja akiwa taasisi, kumbuka kodi ya zuio, ile anayoikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, asilimia 5. Kwenye 3,240,000 wanakata 162,000. Dai cheti chake siku hiyo hiyo, maana bila cheti huwezi kuipunguza kwenye kodi yako ya mwaka.

MWAJUMA: Na kuajiri mchoraji mwingine?

YUSUFU: Uwe na akiba ya gharama za miezi mitatu benki, kwa hesabu yetu 14,400,000, na mikataba iliyosainiwa inayotosha saa zake 120 kwa angalau miezi minne. Ahadi za mdomo usizihesabu. Kabla ya kufika huko, mpe kazi kwa mchoro mmoja mmoja, bei mkiiandika kabla hajafungua kompyuta.