Diski Moja kwa Windows, Mac na Linux: Ifomati Hivi

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo nipo hapa Mtwara mjini, na juu ya meza yangu kuna diski ya nje ya terabaiti 1, laptopu ya Windows na laptopu ya Mac. Nataka diski hii isomeke na iandikike kwenye zote mbili, na ukiipeleka kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, nako isigome.

Tatizo lenyewe liko hivi. Umepiga video ya harusi kule Mikindani, umeihamishia kwenye diski kwa laptopu yako ya Windows, kisha umeituma kwa basi hadi Dar es Salaam kwa mhariri anayetumia Mac. Mhariri anachomeka, mafaili anayaona, video zinafunguka vizuri tu. Amemaliza kazi, anataka akurudishie kwenye diski ileile, inakataa. Hapo ndipo utasikia diski imekufa, nunua nyingine. Jamani, haijafa! Imefomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows wa kuhifadhi mafaili, na Mac inausoma NTFS lakini yenyewe haiwezi kuandika ndani yake. Zaidi ya kilomita 500 za barabara, na kazi imekwama kwa jambo la dakika chache.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi. Diski iliyofomatiwa na Mac kwa APFS, mpangilio wa Mac wenyewe, ukiichomeka kwenye Windows, huenda usiione kabisa, au ukaletewa ujumbe kwamba lazima uifomati kabla ya kuitumia. Tazama hapa kwenye skrini: kuna kitufe cha "Format disk" na kitufe cha "Cancel". Bonyeza "Cancel". Naomba unisikilize vizuri hapa, maana watu wamepoteza picha za marehemu wazazi wao kwa kubonyeza kile kingine. Ujumbe huo hausemi diski ni tupu. Unasema Windows haiuelewi mpangilio uliomo. Kwenye Mac nako ukiambiwa diski haisomeki, chagua "Eject", achana na "Initialize", kisha itafute kompyuta iliyoandika diski hiyo.

Mpangilio tutakaotumia unaitwa exFAT. Microsoft waliutoa mwaka 2006, Mac zinauandika na kuusoma tangu toleo la 10.6.5, na Linux imeuingiza kwenye kiini chake kuanzia toleo la 5.4 la mwaka 2019. Kwa nini tusitumie FAT32, ambao kila mtu anaujua? Kwa sababu FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi, na video ya harusi nzima hupita hapo kirahisi.

Sasa kazi. Kabla ya kugusa chochote, hamisha kila kilichomo kwenye diski, kwa sababu kufomati kunafuta vyote. Usiridhike kuona majina ya mafaili yamehamia. Fungua video mbili tatu kule ulikozipeleka, zicheze katikati na mwishoni. Kama laptopu haina nafasi, azima diski ya rafiki kwa siku moja.

Kwenye Windows, fungua "This PC". Itafute diski yako na uangalie ukubwa wake. Hii yangu ya terabaiti 1 inaonyesha gigabaiti 931. Hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ukubwa huo utumie kuhakikisha hujashika diski nyingine. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua "Format". Kwenye "File system" weka exFAT. "Allocation unit size" iache ilivyo. Jina liwe fupi, lisizidi herufi 11. Acha tiki kwenye "Quick Format", bonyeza "Start", kubali, subiri. Imekwisha.

Mwenye Mac peke yake afungue "Disk Utility", aende "View" kisha "Show All Devices", achague mstari wa juu kabisa wa diski ya nje, halafu "Erase". "Format" iwe ExFAT, na "Scheme" iwe GUID Partition Map. Kwenye Ubuntu za miaka hii, ambayo ni aina ya Linux, diski ikishafomatiwa chomeka tu.

Usiitume bado. Tuijaribu. Naweka video ya zaidi ya gigabaiti 4 kutoka Windows, natoa diski kwa "Eject", nachomeka kwenye Mac. Inacheza. Natengeneza folda mpya hapa, naandika faili dogo, natoa, narudi Windows. Folda ipo. Ukiona pia vifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, vimeandikwa na Mac, siyo virusi. Viache, au vifute kama vinakukera.

Kuhusu kutoa diski nina neno. exFAT haina daftari la kumbukumbu la kuiwezesha kujirekebisha kama ilivyo kwa NTFS. Ukichomoa waya wakati inaandika, au umeme ukakatika nawe unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, unaweza kuharibu orodha nzima ya mafaili. Taa ya diski ikiwa bado inamemeteka, subiri. Kisha "Eject", kila mara, hata kama mteja amesimama mlangoni. Na kazi ya mteja isikae kwenye diski hii peke yake, hasa inapopanda basi.

La mwisho ni runinga. Zipo zisizotambua exFAT, hasa za zamani, kwa hiyo mteja anayetaka kutazamia sebuleni mpe flashi ya gigabaiti 32 iliyofomatiwa kwa FAT32, na video uikate vipande, kila kipande kiwe chini ya gigabaiti 4.