Kuzima Ndiyo Kazi: Geti la Mosfeti Kwenye Konveta za Risonansi

Asanteni kwa chai. Kwa baridi hii ya Julai hapa Mbeya, mtu asiye na kikombe mkononi hasikilizi. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakachosema, wanivumilie. Juzi nimeletewa chaja nyingine, mosfeti zote mbili, zile transista zinazopokezana kuwasha na kuzima umeme, moja juu moja chini, zimepasuka, na fundi wake anamlaani muuza duka.

Mosfeti feki zipo, hata mimi nimeuziwa. Lakini zikifa ya juu na ya chini kwa mpigo mmoja, tena kila ukibadilisha, usikimbilie dukani. Angalia geti, ule mguu wa mosfeti unaopokea amri ya kuwasha na kuzima.

Niwape ya kwangu. Nilikuwa naunda chaja ya betri za sola, konveta ya risonansi, yaani kibadilisha umeme ambacho koili na kapasita zinaubembeza mkondo, mosfeti mbili za IRFP460. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye diodi na kapasita unakuwa kama 325. Draiva, ile chipu inayopeleka amri kwenye geti, IR2110, resista ya geti omu 22. Muda wa kupishana, ule ambao mosfeti zote mbili zimezimwa, nanosekunde 400. Nikiweka balbu ya wati 100 kwenye laini ili ibane mkondo, inakwenda kama saa. Nikitoa balbu: paa! Kipande cha plastiki kikagonga bati. Mama watoto kutoka jikoni: "Umeanza tena?" Nikaongeza hitisinki, kile chuma cha kupoza. Paa. Nikafunga feni. Paa. Jozi nne zilikwenda hivyo ndipo nikashika kalamu, na kalamu ilikuwa mezani siku zote.

Hesabu yenyewe ya darasa la saba. Geti ni kapasita, linatunza chaji. Ili mosfeti izime, chaji lazima itoke. Kwenye IRFP460 chaji ya kati ya geti na dreni (mkondo unaingilia dreni na kutokea mguu wa sosi) peke yake inafika nanokulombu 110, na wakati inatoka geti limeganda kwenye volti 5 hivi. Volti 5 kwa omu 22 ni ampea 0.23. Gawanya 110 kwa 0.23: karibu nanosekunde 480. Ongeza muda wa geti kushuka kutoka volti 12 za draiva hadi 5, unapita 500. Mimi nimetoa 400! Ya chini haijafunga mlango, ya juu inaingia. Volti 325 zinapita moja kwa moja kama shoti. Balbu ilikuwa inanifichia aibu.

Sasa hapa ndipo tunapogombana kila mwaka. Watu wanachukua saketi ya geti ya konveta ya kawaida na kuibandika kwenye risonansi. Kwenye risonansi iliyopangwa vizuri, kabla hujawasha geti, mkondo umeshapita kwenye diodi ya ndani ya mosfeti, na volti kati ya dreni na sosi imeshaanguka karibu na sifuri. Washa taratibu, hakuna atakayekudai. Ni kuzima ndiko kunakotaka nguvu. Nani hapa ameshuka mteremko wa Kitonga na lori lenye mzigo? Ulikuwa unawaza mafuta au breki?

Najua kijana wa nyuma anataka kusema: basi weka omu 2, yaishe. Hapana! Ukiwasha kwa kasi usiyoihitaji unanunua kelele, na volti ya geti inaanza kuruka juu chini. Ikivuka volti 20 umelitoboa geti. Acha ile omu 22 iwashe. Kwa kuzima, weka transista ya PNP pale pale miguuni pa mosfeti: emita kwenye geti, kolekta kwenye sosi, na beisi ipokee amri ya draiva. Diodi moja inapeleka mkondo wa kuwasha kwenye ile resista. Nilipofanya hivyo niliiacha chaja usiku kucha. Asubuhi hitisinki unaishika kwa kiganja.

Haraka haraka sasa. Ile diodi inayochaji kapasita ya draiva ya juu: 1N4007 na UF4007 zinafanana kama mapacha, lakini 1N4007 inachukua mikrosekunde moja na zaidi kufunga. Kwa kilohezi 100 nusu ya mzunguko ni mikrosekunde 5 tu. Soma maandishi, vaa miwani. Nyaya za geti: sentimita mbili tatu, zisokotwe. Niliona mtu kaleta nyaya ndefu kama za spika, nikanyamaza.

Transfoma ya geti sijaigusa, na mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye oskiloskopu asogee mbele, ile chaja ya juzi ninayo kwenye begi.