Uvimbe wa tezi ya machozi: uliza kabla ya kukata

Wenzangu matabibu na wauguzi wa macho, karibuni. Leo nitakaa zaidi kwenye jambo moja: ni lini usichukue kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa maabara.

Tezi yenyewe ni ndogo kama lozi, imejificha kwenye kishimo cha mfupa wa paji, juu ya jicho upande wa nje. Ikivimba, jicho husukumwa chini na kuelekea puani.

Kabla hujamgusa mgonjwa, muulize: ulianza lini, na unauma? Akisema tangu juzi, unauma na kope ni jekundu, fikiria maambukizi. Matumbwitumbwi yanaweza kuleta hali hiyo. Kifua kikuu nacho hushambulia tezi hii, ingawa chenyewe huja polepole.

Anayesema una zaidi ya mwaka, hauumi, ila jicho limetokeza, huyo mshuku adenoma ya pleomofi, uvimbe wa tezi ambao si saratani. Usimchome sindano, usikate kipande! Uvimbe huu una ganda; likipasuka, seli humwagika na uvimbe unaweza kurudi miaka mingi baadaye, pengine ukiwa saratani. Hutolewa mzima, ganda na vyote, na bingwa aliyezoea upasuaji wa nyuma ya jicho.

Anayenitia hofu ni mwenye maumivu ya miezi michache, na ganzi pembeni mwa paji. Saratani ya adenoidi sistiki hutambaa kwenye mishipa ya fahamu. Huyo kinyama kichukuliwe haraka.

Kipimo cha CT husaidia sana kwa sababu kinaonyesha mfupa: adenoma huubonyeza taratibu ukabaki na kibonyeo laini, saratani huula. Limfoma, saratani ya seli za kinga, kwa kawaida huuacha mfupa salama na kujifinyanga kufuata umbo la jicho. Mara nyingi ni ya wazee, na inaweza kuwa pande zote mbili, kwa hiyo papasa tezi za shingo na upime VVU.

Halafu kuna prednisoloni, dawa ya steroidi tunayoipenda mno. Uvimbe ukinywea, kila mtu anafurahi. Limfoma nayo hunywea, kisha kinyama kinafika maabara hakisomeki.

Mkiandika rufaa, “uvimbe wa kope la kulia” haitoshi. Andikeni ulianza lini, kama unauma, na kama ameshameza steroidi. Mwambieni aje na picha zake za zamani. Hata ya kitambulisho inafaa, maana wengi hawajui jicho lilianza kutokeza lini.