Baiskeli, udongo na dedilaini: wiki ya mwanafunzi wa sanaa

Shikamooni walimu, na nyie wadogo zangu habari za mchana. Nimeombwa niongee kuhusu maisha ya mwanafunzi wa sanaa, yani mtu anasoma, afu ana mambo yake anayoyapenda nje ya darasa, afu juu ya hayo kuna maombi ya chuo yanamsubiri. Wengi wenu hapa mnaaplai mwaka huu, nawaona kwa macho tu, mmechoka. Sijaja na ratiba ya kuwagawia. Nimekuja na kitu kimoja ambacho kilinichukua miaka miwili kukielewa, na ningekielewa mapema ningelala zaidi.

Kitu chenyewe ni kwamba potifolio, yani mkusanyiko wa kazi zako unaoupeleka chuoni, haitengenezwi msimu wa maombi. Inatengenezwa Jumanne ya kawaida, siku ambayo hakuna anayekuangalia, na mara nyingi inatengenezwa pale ambapo wewe unadhani unapoteza muda.

Nianze na mara yangu ya kwanza kuaplai. Nilipeleka kazi kumi na tano, zote sura za watu maarufu, penseli tupu, nimezikopi kutoka kwenye picha za kwenye simu. Kila moja ilinichukua kama wiki mbili, nachora kope moja moja, nafifisha kivuli mpaka karatasi inang'aa. Nyumbani kila mtu alisifia, na kwakweli zilifanana. Nikakataliwa. Chuo sikitaji, walikuwa ndani ya haki yao, ila waliniandikia sentensi mbili ambazo ziliniuma mno, kwamba wameona mkono unaoweza kukopi lakini hawajaona mtu anayeangalia. Nilikaa na hiyo barua muda mrefu sana. Sikuelewa, maana nilikuwa naangalia hizo picha masaa sita kwa siku jamani, kuangalia gani tena kunatakiwa?

Sasa, wakati huohuo mimi nilikuwa na hobi yangu ya kutengeneza baiskeli kuukuu. Napenda tangu utotoni, nikipata baiskeli iliyokufa naifungua yote, naosha, napaka grisi, naifunga tena. Kuna mwalimu mmoja, alikuwa ananitakia mema kabisa, alinishauri niache hiyo kitu mpaka nimalize maombi kwa sababu inanila wikiendi nzima. Nikaacha miezi mitatu. Ile miezi mitatu nilichora kidogo kuliko wakati mwingine wowote, muda upo lakini nakaa mbele ya karatasi nyeupe sina cha kusema.

Nikarudi kwenye baiskeli. Na kwenye baiskeli kuna tatizo moja, ukifungua habu ya nyuma, yani kitovu cha gurudumu, ukasahau mpangilio wa washa na gololi, kuirudisha ni shughuli, kwahiyo siku zote nilikuwa na daftari chafu pembeni, nachora kila kitu kabla sijakitoa. Kipi kiko nje, kipi ndani, cheni inapita wapi, upande upi una nati ya kufungia. Michoro ya haraka, ina alama za grisi, ina mishale, ina maneno. Sikuwahi kuihesabu kama sanaa, ilikuwa ni kumbukumbu ya kazi tu.

Mwaka uliofuata nilienda kwenye intavyu ya chuo kingine na kazi zangu safi nimezipanga vizuri, na lile daftari likawemo ndani ya begi kwa bahati tu. Mmoja wa waliokuwa wananihoji akauliza kama nina daftari la michoro. Nikamtolea. Wakaacha zile kazi zingine wakakaa kwenye daftari karibu muda wote uliobaki, wananiuliza hapa ulikuwa unafikiria nini, mbona ukurasa huu umechora gurudumu mara tano.

Hilo la gurudumu ngoja nilieleze kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lenyewe. Duara ukiliangalia kwa pembeni macho yanaliona ni duaradufu, hiyo kila mtu anajua. Lakini ukichora gurudumu bila kuangalia kwa makini, duaradufu yako inalala upande usio wake na gurudumu linaonekana limepinda, na hujui kosa liko wapi. Siri iko kwenye ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, yani upana mfupi wa duaradufu unafuata mstari wa ekseli, kila wakati, hata baiskeli ikiwa imelala chini. Mimi hilo sikulisoma kwenye kitabu, nililigundua kwa kukosea mara nne kwenye ukurasa mmoja na mara ya tano likakaa. Wale watu walikuwa wanaliona hilo, wanaona mtu anakosea, anarudi kuangalia, anarekebisha. Hapo ndo nikaielewa ile barua ya mwaka wa nyuma. Kukopi picha kunakupa kitu ambacho kamera imeshakiamua, pembe imeshachaguliwa, kivuli kimeshachaguliwa, kilichobaki kwako ni kuhamisha tu.

Baadaye nikaja kujua kwamba chuo cha Rhode Island School of Design kule Marekani, kwa miaka mingi, kiliwataka waombaji wote wachore baiskeli kama sehemu ya maombi. Waombaji wote! Nilivyosikia nilikaa chini. Maana baiskeli huwezi kuidanganya, kila mtu anadhani anaijua mpaka aanze kuichora, ndo anakuta hajui fremu inaungana wapi na pedali.

Kwahiyo nawaomba msiue hobi zenu kwa ajili ya maombi. Wafaransa wana msemo, hobi ya mtu wanaiita fidla ya Ingres, violon d'Ingres, kwa sababu yule mchoraji Ingres alikuwa anapiga fidla, na ujanani alipiga hata kwenye okestra ya Toulouse. Mchoraji Paul Klee naye alikuwa mpiga fidla mzuri tangu mtoto, na ukizitazama picha zake unaona zina mapigo, zina mistari inayokwenda kama nota. Wewe unacheza mpira, unaimba kwaya, unafuma, unafuga njiwa, chochote kile, kichore. Sio uchore bango la kukisifia, hapana, chora mikono inavyoshika sindano, chora vile golikipa anavyosimama kabla ya penati uzito wote uko kwenye vidole vya mguu. Hakuna mwombaji mwingine mwenye hizo kurasa.

Haya, tuje kwenye shule yenyewe, maana najua mnawaza muda unatoka wapi.

Mimi nilihangaika sana na muda mpaka siku moja nikagundua kwamba nilikuwa napanga wiki kwa kufuata masomo, wakati ilitakiwa niipange kwa kufuata vitu vinavyokauka. Nisikilizeni hapa. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo, haitoi maji, inavuta oksijeni kutoka hewani na ndo inagandamana, kwahiyo hata ukiiweka juani hauiharakishi sana unavyotaka. Tabaka jembamba linataka siku kadhaa, ukipaka nene ni wiki na wiki. Nimeona mtu ameanza picha nene ya mafuta siku kumi kabla ya dedilaini, akaibeba mbichi, ikagusana na nyingine njiani, kazi mbili zikafa pamoja. Akriliki yenyewe ndani ya saa moja umemaliza. Udongo ndo una heshima yake kabisa, kitu ulichofinyanga lazima kikauke mpaka ndani, pengine wiki nzima kama kuta ni nene, sababu maji yakibaki ndani yanageuka mvuke kwenye tanuri na chungu kinapasuka, tena kinapasua na vya wenzako. Choma ya kwanza inafika nyuzi kama 1000, afu tanuri huwezi kulifungua, unasubiri lipoe, hapo siku nyingine imeenda.

Kwahiyo sasa hivi Jumatatu naanza na kitu kinachosubiri. Nafinyanga au napaka tabaka, naondoka. Wakati kinakauka ndo naandika ile insha ya historia ya sanaa, ndo nashughulikia fomu, ndo naenda kwenye baiskeli zangu bila hofu moyoni, kwa sababu kazi inaendelea hata nisipokuwepo. Mwanzoni nilikuwa nafanya kinyume, naandika insha siku tatu za mwanzo kwa sababu ndo rahisi kuanza, afu Alhamisi nashika udongo, afu nalia Jumapili. Kiasi cha kazi ni kilekile, ni mpangilio tu umebadilika.

Na michoro ya haraka msiidharau. Sisi darasani tunaanza na modo, yani mtu anayekaa ili achorwe, anakaa mkao mmoja sekunde 30, anabadilisha, dakika moja, anabadilisha, dakika mbili. Sekunde 30 huwezi kuchora pua. Unachora mtu anaegemea wapi, basi. Hiyo unaweza kuifanya popote watu wanaposubiri, kituoni, kwenye foleni, na robo saa kwa siku inatosha kujaza daftari kabla mwaka haujaisha.

Sasa maombi. Hapa nitasema kitu ambacho kinaudhi, kwamba kuchora sio sehemu ndefu. Sehemu ndefu ni kupiga picha kazi, kukata kingo, kupanga, kuandika, kupakia, na watu huiachia usiku wa mwisho. Vyuo vingi vinataka kama kazi 10 mpaka 20, na yule anayeangalia anaona skrini, haoni karatasi yako, kwahiyo picha mbaya ya kazi nzuri kwake ni kazi mbaya. Piga mchana, karibu na dirisha au nje kivulini, usipige chini ya taa ya ndani inageuza nyeupe kuwa njano, zima flashi maana inaacha doa linalong'aa katikati. Simu iwe sambamba na kazi kabisa, ukiinamisha kidogo tu karatasi yako inakuwa na umbo la ndoo. Na msome maelekezo ya kila chuo kivyake, ukubwa wa faili, aina ya faili, jina la faili. Ukikosea hapo kazi yako inaweza isifunguke kabisa.

Kwenye kupanga, weka ya nguvu mwanzo na nyingine ya nguvu mwisho, na katikati waone unavyofikiri, kurasa mbili tatu za daftari zikiwemo. Kazi unayoionea huruma tu kwa sababu ilikuchukua muda mrefu, itoe. Mimi ilibidi nitoe sura zote kumi na tano isipokuwa moja, na nilisikia maumivu ya kweli.

Barua ya kujieleza, andika kama unavyoongea na mtu unayemheshimu. Usianze na kwamba ulipenda sanaa tangu mtoto, wote tulipenda. Andika kuhusu kitu kimoja ulichokiangalia mpaka kikakubadilisha.

Na mkikataliwa, maana baadhi yenu mtakataliwa, niwe mkweli. Mchongaji Rodin alijaribu mara tatu kuingia École des Beaux-Arts, shule ya sanaa pale Paris, na mara tatu wakamkataa, akaenda kufanya kazi ya kuchonga mapambo ya majengo miaka mingi, na mikono yake ilijifunzia huko. Mfinyanzi Magdalene Odundo naye, aliyezaliwa Kenya 1950, alianza na sanaa ya matangazo, akaenda Uingereza 1971, na huko ndo akakutana na udongo, akamaliza chuo cha sanaa cha Royal College of Art, London, 1982, na leo vyungu vyake viko kwenye makumbusho makubwa. Angeng'ang'ania alichoandika kwenye fomu ya kwanza tusingekuwa na vile vyungu. Mnaruhusiwa kubadilika, hata katikati ya kozi.

Kuna dada hapo nyuma ameuliza, je kama huna nafasi kabisa, unatoka shule una majukumu ya nyumbani mpaka usiku. Asante kwa swali, na sitakwambia uamke alfajiri, mwili wako unahitaji kulala. Chora majukumu yenyewe. Unalea mdogo wako? Mtoto aliyelala ni modo bora kuliko wote, hatikisiki, na kila usiku amejikunja mkao mpya. Dakika tano, afu kalale na wewe. Ukiwa na kurasa hamsini za mtoto mmoja aliyelala, mimi ningekuwa kwenye meza ya kuchagua ningekuita wa kwanza.

Nimeleta madaftari yangu matatu, yako hapa mbele. Lile la kijani ndo la baiskeli, lile lenye grisi. Njooni myafungue, ila shikeni kurasa kwa pembeni tafadhali, za katikati nimechora kwa mkaa na bado unatoka.